Kilemba cha Dirisha

Theluji ya Hancock imepanda hadi kiunoni mwa dirisha
na bado ni Februari.
Arvo anaingia, koleo lake linachuruzika maji mlangoni,
anaikuta meza ya chakula imelaliwa na msonobari:
ubao mrefu wa mbele, viwili vifupi vya ubavuni,
na kifuniko chembamba cha kuzuia vumbi.
"Jeneza la paka?"
Namwambia avue viatu.

Ni kilemba. Dirisha letu limekaa kichwa wazi
tangu mwaka tuliohamia,
fimbo ya pazia ikimwonyesha kila mgeni kutu yake,
na misumari ya wenye nyumba wa zamani imesalia ukutani,
haishiki kitu.
Nyumba njema si mlango, walisema waliosema.
Dirisha hawakulitaja.

Nilipima mara mbili nikakata mara moja,
kisha nikakata ubao mwingine,
maana wa kwanza ulipungua.
Nilisahau kuhesabu unene wa mbao za ubavuni,
kosa la mwanafunzi, na mimi nina miaka sitini na minne,
kumi na tisa kati yake nimeshona sare za bendi ya shule.
Kitambaa husamehe: unafumua, unashona upya.
Ubao ukishakatwa, umeshasema.

Gundi, skrubu, subira ya usiku mmoja.
Asubuhi nikautandikia pamba ya godoro,
juu yake kitambaa nilichokipata siku duka la Impi lilipofungwa,
mita mbili na robo, milia ya buluu na ya maziwa,
mabaki ya jora la mwisho.
Impi alikipima polepole, hakutaka kimalizike,
akaniongezea shubiri moja bila kuiandika.
Shubiri hiyo ndiyo iliyozunguka pembe.

Anza katikati. Vuta juu, vuta chini,
usivute sana:
mlia ukipinda leo utakutazama miaka kumi.
Stepla ya Arvo inafoka,
ta,
ta,
halafu inakwama, naifungua kwa kisu cha siagi,
ta.
Pembeni nikakunja kama bahasha ya barua
nisiyotaka ifunguliwe.

Kisha kutundika. Arvo juu ya ngazi,
pimamaji mkononi, jicho moja amelifumba.
"Kiko sawa."
Kiputo kimetulia katikati, hakitikisiki.
Nikarudi kinyumenyume hadi kwenye jiko.
Hakikuwa sawa.
Kushoto kilikaribia kuibusu dari,
kulia palibaki pengo la kupitisha kidole gumba;
kilemba cha mlevi atokaye harusini.
"Pimamaji haidanganyi," Arvo akasema.
Wala jicho langu.
Tukatazamana. Kisha tukaitazama nyumba.

Chini yetu kuna mashimo ya shaba.
Babu yake Arvo aliyachimba, akila mkate wake gizani,
na ardhi iliyotolewa matumbo
kila mwaka inajiketisha kidogo,
nasi tunaketi nayo.
Gololi ya mjukuu ikianguka jikoni
inaijua njia ya kwenda sebuleni.
Miaka thelathini na mmoja, kila mmoja wetu
amekuwa akipindua picha za ukutani kwa siri
ili zinyooke.

"Tufuate ipi?"
"Nyumba," nikasema. "Pimamaji hailali humu."
Akakishusha upande wa kushoto, unene wa sarafu mbili, tatu.
Kiputo kikakimbilia kulia kama aliyetukanwa.
Milia ikasimama wima, pamoja na fremu,
pamoja na ukuta, pamoja na kila kitu chetu
kilichoinama.

Jioni Doreen wa nyumba ya pili alikuja kunywa kahawa.
Akainua macho, akasema,
"Mmekinyoosha vizuri hasa."
Arvo akapaliwa.
Mimi nikammiminia kikombe cha pili.
Kama kilikuwa kilemba cha ukoka,
nilikivaa.